Waziri wa Nguo

Nyumbani kwetu hakuna kapu la nguo chafu. Ukitaka nguo yako ifuliwe unaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa wifi yangu na unaeleza ina nini. Hapa pameingia chai. Hapa ni mafuta ya gari. Hii kola imegoma, na hii kwapani inanuka ingawa imefuliwa juzi. Yeye anaipokea, anaigeuza ndani nje, anapapasa mifuko, anauliza maswali mawili matatu, kisha anaitupia kwenye beseni linaloistahili. Mke wa mdogo wangu, ambaye ni nesi, ndiye aliyeanza kuuita utaratibu huo kliniki, na jina likashika. Asubuhi ya siku ya maji, siku bomba linapotoa, watu wanapanga foleni koridoni na nguo zao kifuani, wakubwa kwa wadogo. Hata baba, dereva mstaafu wa malori ambaye hajawahi kupanga foleni popote bila kununa, husubiri zamu yake na fulana zake mkononi.

Wifi mwenyewe tunamwita Waziri. Mdogo wangu, fundi magari, alimpa cheo hicho siku aliporudishwa nyuma ya foleni kwa sababu ovaroli lake lilikuwa na spana mfukoni. Watoto wote, wangu na wa mdogo wangu, wanamwita Mama Mkubwa, na hakuna aliyewahi kukaa chini kuchambua kama kwa watoto wangu jina hilo ni sahihi. Ni mke wa kaka yangu mkubwa. Ana kifua kipana, vidole vilivyokunjamana ncha kwa maji, na sauti ambayo haipandi hata akikasirika.

Najua mawifi tunasemwaje. Anayetaka ugomvi wa mawifi akautafute nyumba nyingine. Ndoa iliponishinda nikarudi nyumbani na watoto wangu, mtu wa kwanza kunipokea begi hakuwa mama yangu mzazi, alikuwa Waziri. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza kama kuna za kufua, nikamwambia zote. Tangu siku hiyo mtu akimgusa yeye amenigusa mimi, na mimi mdomo wangu haujawahi kupata breki.

Chumba chake ni kile cha mbele, na nusu yake ni karakana ya pasi. Kitanda kimesukumwa ukutani. Katikati kuna meza aliyoitengeneza kwa mlango wa zamani wa jikoni, umelazwa juu ya meza mbili ndogo na kutandikwa blanketi kuukuu na shuka lililoungua pembe. Ana mpangilio wake na haubadilishwi. Pasi ikianza tu kupata joto anapitisha zile laini zinazoyeyuka, magauni ya nailoni na sare za michezo. Ikichemka sawasawa zinafuata pamba: mashati meupe ya shule, sare za nesi, suruali ambazo mstari wake unaweza kumkata mtu. Mwisho anachomoa waya, na kwa joto lililobaki ananyoosha leso na foronya. Marinda ya sketi za shule anayabana kwa vibanio vya nguo moja moja, na wakati huo usimsemeshe.

Mdogo wangu aliwahi kuleta mashine ya kufulia, mtumba. Ilitetemeka, ikatembea yenyewe kutoka ukutani mpaka katikati ya baraza la nyuma, ikakata roho. Mpaka leo iko pale ilipofia, ndani mna magunia. Mdogo wangu anasema kuna kifaa kidogo tu anakisubiri, nasi tumemwacha asubiri.

Sasa huyo kaka yangu mkubwa. Alikwenda kufanya kazi mgodini, mbali, muda mfupi baada ya kuoa. Mwanzoni alikuwa anakuja likizo. Baadaye akawa anapiga simu, kisha akawa anampigia mama peke yake, na mama akikata simu anasema tu kwamba kaka anawasalimu wote. Hawakujaliwa mtoto. Waziri akabaki nasi, na hakuna siku tuliyojiuliza anabaki kama nani. Wazazi wake walishafariki, nyumba yao ikachukuliwa na baba yake mdogo, na ndugu yake pekee anaishi na familia yake katika chumba kimoja. Kwa hiyo mtu akisema Waziri arudi kwao, ajue kwao ni neno tu, hakuna mlango nyuma yake.

Na ndilo neno alilolileta baba, jioni moja, alipotuita sebuleni na kuzima redio. Baba akizima redio ujue kuna jambo.

"Kaka yenu anakuja wiki hii," alisema. "Anakuja na mke. Huyo mke ana mimba. Anataka amwache hapa, kwenye chumba cha mbele, yeye arudi kazini." Akajikuna shingo. "Na huyu..."

Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi na pasi ilikuwa inatembea. Ikasimama.

"Nirudi kwetu," Waziri akamalizia kutoka kule ndani.

"Ndivyo anavyosema yeye. Mimi sijasema. Akifika tutakaa, tutazungumza."

Sote tukamgeukia mama. Nyumbani kwetu anayezungumza ni baba, lakini anayeamua ni mama, na baba mwenyewe anajua. Mama alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni lake, anauvuta tu. Nikaingiwa na hofu. Mama yangu na mwanawe wa kwanza ni habari ndefu. Yule ndiye aliyewekewa nyama kabla ya baba, ndiye aliyevunja kioo nikachapwa mimi, na akipiga simu mama huichukua akiwa amesimama. Nilijua upande mmoja wa mizani ulivyo mzito.

Kesho yake nilimsaidia Waziri kuanika. Alikuwa anakung'uta kila nguo mara moja tu, kwa nguvu, kama kawaida yake, lakini vibanio vilikuwa vinamponyoka.

"Wifi, naogopa," alisema.

"Usiogope, sisi tupo."

"Mpo, lakini nyumba si yenu."

"Mama amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Kaniletea shuka lake, kasema lina doa la dawa ya kikohozi. Basi."

Nikamwambia ajikaze kisabuni. Akacheka kidogo, akasema sabuni nayo huisha. Tukaendelea kuanika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alianika shati la shule kwa kola badala ya pindo.

Kaka alifika katikati ya wiki akiwa na mkoba mpya na tumbo la mtu anayekula vizuri. Mgeni wake alikuwa binti mdogo kuliko nilivyojiandaa kumchukia, ana macho ya usingizi na mimba iliyoanza kuonekana, na anasalimia mpaka watoto. Ilinikera. Ningependa awe na kiburi, ningejua pa kuanzia. Walitandikiwa godoro sebuleni, kwa muda, alisema kaka, mpaka chumba kitakapoondolewa takataka. Waziri alikuwa amesimama pale pale na sahani ya chakula cha kaka mkononi. Aliiweka mezani, akatoka.

Hakuna aliyemwambia mgeni kwamba Waziri ni nani. Si kwamba tulikula njama. Kila mmoja alimwachia mwenzake kazi hiyo, kama vyombo vya usiku.

Asubuhi ya siku ya maji mgeni akaja kwenye foleni. Watoto walikuwa wamemweleza utaratibu, naye akasimama nyuma ya baba na magauni yake mikononi, mtiifu kabisa. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, dada," alimwambia Waziri. "Samahani, hili limemwagikiwa soda njiani. Na haya ni jasho tu."

"Marahaba. Soda ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Lini?"

"Juzi."

"Weka hapa. Hayo mengine weka pale."

"Asante sana, dada. Mume wangu aliniambia hapa kuna mtu wa kazi, lakini hakuniambia kwamba ni mtu mzuri hivi."

Nesi akakohoa. Baba, ambaye alikuwa keshatoa fulana zake na hakuwa na sababu ya kuendelea kuwapo pale, akaanza kukagua dari. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo tayari, na sijui ningesema nini, ila lisingekuwa jambo la heri. Waziri akatazama juu ya bega la yule binti.

"Anayefuata," alisema.

Aliliweka gauni la soda kwenye maji ya chumvi na akaenda kukinga maji ya kusuuzia. Hapo ndipo nikatenda. Sikuwa tayari kuona wifi yangu amepiga magoti anasugua gauni la mwanamke yule, hata mbingu zishuke. Nikalichukua lile gauni pamoja na maji yake yanayochuruzika, nikaenda baraza la nyuma, nikalitumbukiza ndani ya ile mashine mfu, nikafunga mfuniko. Nilijisikia vizuri mchana kutwa.

Nisichojua ni kwamba nesi naye alikuwa na akili kama yangu. Aliyachukua yale magauni ya jasho, akatafuta mahali, na nyumba yetu haina mahali pengi pa kuficha kitu. Alifungua mashine, akaona gauni limo, akaelewa, akaongezea yake na kufunga bila kumwambia mtu. Siku ya maji iliyofuata mgeni alileta sketi na blauzi, nazo zikapotea kwenye beseni. Safari hiyo hatukuwa mimi wala nesi. Nilidhani ni yeye, naye akadhani ni mimi, tukawa tunapishana koridoni tunakonyezana kama wezi wa kuku.

Waziri akiona beseni limebaki tupu alidhani mgeni mwenyewe amejirudi, amekuja kuchukua nguo zake akazifue kwa mkono wake. Ndivyo alivyosema baadaye, na mimi namwamini, maana ni mtu anayedhani wengine wana aibu kama yake.

Siku ya kuzungumza ikafika. Tulikaa sebuleni, godoro limekunjwa na kusimamishwa pembeni. Mgeni akatoka bafuni amevaa shati la kaka juu na taulo chini.

"Nisameheni," alisema kwa sauti ndogo. "Sina nguo. Kila niliyoipeleka kufuliwa haijarudi, na niliyokuja nayo imelowa."

Kaka akasimama. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia, na hapo akawa amepewa.

"Nguo za mke wangu ziko wapi?" alimwuliza Waziri. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu afike.

"Sijui," alisema Waziri. "Niliziloweka. Niliporudi hazikuwapo."

"Hazikuwapo. Baba, unasikia? Ameziiba, au amezichoma kwa wivu. Mtu wa namna hii ndiye mnayetaka nimwache ndani ya chumba changu? Leo nguo, kesho atamtilia kitu kwenye chakula."

Baba akamgeukia Waziri. Uso wake ulikuwa umechoka. "Mwanangu, sema ukweli. Nguo ziko wapi?"

"Nimesema, baba. Sijui."

Nikaona baba anasita, na kusita kwake kulinichoma. Huyu ndiye aliyemfulia fulana miaka yote hii, na sasa kwa mkono wetu wenyewe, kwa wema wetu wa kijinga, tulikuwa tumempa kaka fimbo ya kumpigia. Nilifungua mdomo nimwage yote. Mama akaniwahi.

"Ziko kwenye mashine," alisema.

"Mashine ipi?" akauliza kaka.

"Ile mbovu. Nimeziweka mimi."

"Na mimi," nikasema.

"Na mimi, mama," akasema nesi.

Mdogo wangu, fundi, akatutazama mmoja mmoja na kuanza kucheka, mkewe akamfinya.

"Mama," kaka alisema, "wewe mtu mzima unaficha nguo za mke wangu kwa nini?"

"Kwa sababu sikutaka mkeo amfulie mkeo," alisema mama.

Yule binti akamtazama mama, kisha kaka, kisha Waziri. Alimtazama Waziri kwa muda mrefu, na niliona anakumbuka kila alichomwambia pale koridoni. Akajivutia taulo.

"Uliniambia aliondoka zamani," alimwambia kaka. "Uliniambia chumba ni kitupu."

"Hayo ni yangu na wewe, tutazungumza baadaye."

Akakaa juu ya godoro lililokunjwa, akaficha uso. Baba akasema kikao kimeahirishwa, akawasha redio. Nilimsubiri aseme neno moja tu kuhusu chumba, hakulisema. Kuona haya ni jambo moja, kumnyima mtoto wake wa kwanza anachokitaka ni jambo jingine, na sikuwa na hakika kama angefika huko.

Waziri alikuwa keshatoka. Tulimkuta baraza la nyuma anavuta magauni kutoka kwenye mashine, anayanusa moja moja. Yalikuwa yameota madoa meusi ya ukungu.

"Mmeyaacha yavunde," alisema. "Ile soda ilikuwa itoke siku ile ile. Sasa imekaa."

"Wifi, tulitaka..."

"Najua mlitaka nini. Nani aliwaambia siwezi kufua gauni? Gauni halijanikosea. Nisingeitwa mwizi leo kama mngeniacha na kazi yangu." Hapo akainama na kujifanya anatafuta gauni jingine. Mimi na nesi tulisimama kama watoto waliokojoa kitandani.

Alikamua ndimu, akachanganya na chumvi, akapaka kila doa na kuyalaza magauni juani. Baadaye akaanza kuyasugua moja baada ya jingine. Mgeni alikuja amevaa lile shati la kaka, akataka kuchuchumaa asaidie.

"Kaa kivulini," Waziri alimwambia. "Una mtu tumboni."

"Dada, sikujua. Naapa sikujua. Nakushukuru kwa..."

"Usinishukuru. Sikupendi. Lakini gauni litatakata."

Yule binti akakaa kivulini. Kisha akasema, "Sikitaki chumba chako."

"Si wewe unayekitaka," Waziri alimjibu bila kuinua kichwa. "Na si wewe unayekitoa."

Jioni uani kulikuwa kumejaa watu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, mimi nilikuwa naanua, nesi alikuwa anamwogesha mwanawe penye bomba. Baba alikuwa mlangoni na redio yake. Waziri alikuwa amebakiza shuka moja kubwa, analisuuza. Kaka akatoka ndani na mashati yake, mzigo mzima mikononi, akauachia chini mbele ya beseni la Waziri. Lakini aliongea na mama.

"Mama, mwambie anifulie hizi, nasafiri kesho kutwa. Akimaliza aanze kufunga vitu vyake. Kama ninyi hamwezi kumwambia, nimeshasema mimi."

Waziri aliacha kusuuza. Hakumtazama kaka. Alimtazama mama, na mikono yake ilikuwa ndani ya maji mpaka viwiko.

Mama akaweka ungo chini. Akainuka, akaja mpaka pale, akaanza kuokota mashati moja moja, anayakung'uta mchanga na kuyaweka begani. Nilijua anayachukua akayafue mwenyewe, kama alivyomfulia tangu alipokuwa wa nepi, na kwamba hilo ndilo jibu tulilokuwa tunalingojea. Alipolimaliza la mwisho akayashusha yote begani, akamrudishia kaka mikononi.

"Beseni lile pale," alisema. "Bomba unalijua."

"Mama?"

"Chumba kina mwenyewe, baba. Ukija kututembelea utalala sebuleni kama wageni wengine."

Alimwita baba, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, bila kuyafuta. Kaka akageuka kumtafuta baba mlangoni. Baba akainama kutafuta stesheni. Nesi akamwondoa mwanawe penye bomba, akamfunga taulo, akaacha nafasi.

Waziri alikuwa ameinua lile shuka kutoka kwenye maji na kusimama nalo. Shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja. Nikaangusha nguo nilizoanua nimkimbilie, lakini mama alikuwa karibu zaidi. Alishika ncha ya pili, akarudi nyuma hatua chache mpaka likanyooka kati yao.

"Zungusha upande wako, mwanangu," alisema.

Wakalizungusha, maji yakamwagika miguuni mwao. Mama alikuwa bado analia, na hakugeuka kutazama hata bomba lilipofunguliwa nyuma yake.